Taa Karibu na Miguu ya Mama

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika hapa Mgori, marahaba. Alizeti tumeshavuna, na mguu wa babu yako umepata nafuu.

Umeuliza kwa nini nilishtuka ulipoweka taa sakafuni ili unirekodi. Nilipokuwa binti mdogo, walikuja wageni wa filamu, wakamrekodi mama yangu ndani akipepeta uwele, taa wameiweka karibu na miguu yake. Baadaye walituonyesha filamu hiyo darasani, mimi, mama na wanakijiji wengine, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Kwenye filamu mama alikuwa anatabasamu tu, lakini kivuli cha pua kilipanda hadi kwenye paji la uso, macho yakawa mashimo mawili.  Nami, niliyekaa naye benchi moja, nikajikuta nimesogea mbali naye. Mama yangu mzazi, Neema. Hadi leo nashangaa mwili wangu uliamuaje bila kuniuliza.

Aliniona nikisogea. Tangu siku ile, kila nilipoingia jikoni, aligeuza uso kutoka kwenye moto uliommulika toka chini.

Ukija likizo nirekodi tena. Taa iweke juu, dirishani, halafu tuitazame filamu yako pamoja, umekaa karibu nami.

Bibi yako