Nilimtajia Edi Arusha

Shambani, Mlimba ya ndani
Jumamosi

Mume wangu Baba Edi,

Nakusalimu wewe kwanza, maana najua upo hapo kitandani umenyoosha mguu unawaza mambo ya shamba. Mguu unaendeleaje? Lile hogo la plasta wamekutoa au bado? Wakikutoa usianze kujitia ujana kwenda mpaka sokoni kwa miguu. Mama mkwe wangu mpe shikamoo yangu, mwambie dawa ya macho aitie jioni kabla ya kulala, asingoje mpaka yawashe. Wifi yangu Kolumba nampa pole na ahsante ya kunipikia watu wangu wakati mimi nipo huku. Otmari naye nasikia amekuwa mrefu. Mwambie mama anasema urefu hausaidii kama daftari la hesabu lina matope, na asipite mtoni akitoka shule. Edi nimemweka mwisho si kwa kumsahau. Yeye ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Mimi ni mzima, isipokuwa mabega kwa kurusha mawe. Simu yangu ilianguka kwenye jaruba nikiwa navuka, nikaifukia kwenye mchele siku kadhaa kama wanavyosema, haijaamka. Usione kimya. Barua hii anakuja nayo Baba Rukia, yule mwenye duka la nguo karibu na soko hapo Ifakara, maana siku hizi ananunua mpunga huku kwetu. Nimemwomba aikabidhi mkononi mwako.

Mpunga mzuri, Baba Edi. Ungeuona ungesahau mguu. Sasa hivi punje zinajaza maziwa, na wewe unajua maziwa yakijaa ndege kwelea wanakuja kama wamealikwa. Kabla jua halijatoka nipo juu ya dungu na debe langu na kombeo, siteremki mpaka waende kulala. Jirani yangu ni mama mmoja Msukuma, Mama Shija, ana shamba kubwa kuliko letu na sauti kubwa kuliko debe. Akiwafokea kwelea wake, wa kwangu nao wanaruka. Nikamwambia, "Dada, wewe ungelinda bonde zima." Akasema, "Lipeni basi."

Sasa niseme lililo moyoni. Juzi Baba Rukia alifika na pikipiki, matope mpaka magotini, akakaa kwenye gogo akaomba maji. Akaniambia, "Mama Edi, mwanao kapata kazi mara mbili."

Nikamwambia, "Mara mbili vipi, na mtu ana mwili mmoja?"

Akasema, "Basi ndiyo taabu yenyewe."

Ndipo akanieleza. Ile ya kwanza ni hii ya Arusha tuliyoijua wakati natoka nyumbani, ya kurusha ndege ndogo za kupeleka watalii porini, rubani yupo peke yake na anatua kwenye viwanja vya majani. Ya pili imekuja baada ya mimi kuondoka, kampuni nyingine kule Mwanza, ndege kubwa za abiria, zinakwenda miji ya kwetu na nchi za jirani, na wanakaa marubani wawili. Lakini mkataba wao ni wa miaka, huruhusiwi kutoka katikati. Wote wanataka jibu kabla ya wiki ijayo kwisha. Nikauliza, na Edi anasemaje? Akasema, "Kaniambia hivi: mwambie mama nitakwenda alikonitajia." Tena akasema wewe uliongeza kwamba neno la mama mzazi halirudi nyuma, na mama mkwe akaitikia kwamba ndivyo.

Tangu hapo sijalala vizuri.

Baba Edi, unaikumbuka asubuhi ile natoka. Gari la Mlimba limeshapiga honi, wewe upo mlangoni na magongo yako. Nilimwita Edi uani. Nikatia maji kinywani nikamtemea viganjani, akajipaka usoni, nikamtajia mahali, Arusha. Ndivyo marehemu mama alivyotufanyia sisi sote, na bibi alivyomfanyia yeye. Kwetu mtoto hatoki kwenda kuanza maisha bila kutajiwa mahali, maana wazee wetu waliolala kule Mahenge watamfuata wapi kama hawakuambiwa? Nilifanya kwa moyo wote. Lakini nilitaja Arusha kwa sababu ndiyo iliyokuwepo. Sikuwa na mbili mkononi nikachagua moja. Ingekuwa ameitwa Tunduma ningetaja Tunduma.

Sasa mmeligeuza kama mimi ndiye niliyemchagulia, na mtoto amelikamata hivyo hivyo.

Hizo ndege ndogo nazijua. Zinapita hapa juu yetu zikienda huko porini kwa watalii. Zamani nilikuwa nazipungia mkono. Juzi ile ile, Baba Rukia hajapotea machoni, ilipita moja, na mvua inateremka kutoka milima ya Udzungwa. Ikashuka, ikapanda, ikainama upande mmoja mpaka nikaona tumbo lake. Mama Shija akapiga kelele kutoka dungu lake, "Huyo anatafuta kwa mkwe wake." Akacheka. Mimi nilikaa chini. Nilikuwa nafikiri mle ndani yumo mtoto wa mtu, mmoja, hana wa kumwambia shika hapa nijipanguse jasho.

Basi nikasema moyoni, heri Mwanza, kule wapo wawili. Halafu nikakumbuka Baba Rukia aliniambia kwamba kule wageni wa kazi wanaweza kukaa chini miezi mingi wakisubiri zamu ya kufundishwa ile ndege kubwa. Na Edi mwenyewe aliwahi kuniambia tukiosha vyombo, "Mama, rubani asiporuka mikono inasahau." Nikamuuliza, mikono inasahauje? Akasema wanahesabiwa saa walizoruka, asiye na saa nyingi hakuna wa kumpa ndege, na zile ndogo ndizo zinazokupa saa haraka kwa sababu unaendesha mwenyewe tangu mwanzo. Nikimtajia Mwanza, nimemketisha. Nikimwacha na Arusha, nimempandisha peke yake juu ya pori.

Nilimuuliza Baba Rukia, "Yeye mwenyewe anapenda wapi?"

"Hakuniambia."

"Uso wake ulikuwaje alipokuwa anasema?"

"Mama Edi, mimi nanunua mpunga, nyuso sizijui."

Ningekuja mwenyewe, ningemkalisha jikoni nikamtazama, ningejua bila kuuliza. Lakini nitokeje? Jana nilijaribu. Nilimwachia Mama Shija anitazamie nusu siku, nikaenda Mlimba kutafuta simu, maana huku shambani mtandao haupo. Namba zote zimo ndani ya ile iliyokufa, kichwani ninayo yako tu. Nikakupigia kwa simu ya mwenye duka mmoja, ikasema haipatikani. Nikapiga tena na tena mpaka yule kijana akaanza kuangalia pembeni. Niliporudi, upande wote wa kichuguu ulikuwa umebaki makapi. Mama Shija alikuwa karibu kulia, mpunga wa kwake nao ulikuwa umevamiwa, angekimbilia wapi? Nusu siku tu. Nikija huko kwenda na kurudi, msimu huu hatuna mpunga, na mguu wako hauwezi kwenda kulima kibarua kwa watu.

Leo alfajiri nilipanda juu ya dungu, nikageuza uso kuelekea Ifakara, nikatia maji kinywani. Nilitaka nitaje upya, liwe jambo moja lililokwisha. Nikitaka kusema Mwanza naona mwanangu amekaa kwenye benchi na sare yake. Nikitaka kurudia Arusha naona ile ndege imeinama. Nikasimama vile mashavu yamejaa, kwelea wanaingia shambani mbele ya macho yangu. Mwisho nikayameza.

Nakuomba, mume wangu, usimfunge mtoto kwa neno langu. Mwambie mama mkwe kwa heshima zote kwamba sipingani naye. Neno la mzazi ni kweli lina uzito, lakini lile lilikuwa la kumsindikiza. Kisha mpe Edi barua hii asome kipande hiki mwenyewe.

Edi mwanangu, mimi sijui. Ningejua ningekwambia. Darasa nililofika halina mahali walipotufundisha ndege, na hata wangetufundisha nadhani ningekuwa hivi hivi. Usiende Arusha kwa sababu ya maji yale, na usiende Mwanza kwa sababu umesoma kwamba mama anaogopa ndege ndogo. Ukienda huku nitaogopa, ukienda kule nitaogopa. Hofu yangu huwezi kuniondolea, kwa hiyo usiipangie kazi. Waulize waliokutangulia kwenye kazi hiyo, mwulize Mungu, halafu fanya wewe. Usinikasirikie kwa kukuacha nalo peke yako. Nimekosa namna.

Nisalimieni katekista wetu na akina mama wa jumuiya, waambie sala zao nazihitaji huku. Nisalimieni jirani yetu mwenye kisima, na fundi cherehani aliyemshonea Edi sare ya shule tangu akiwa mdogo, mwambieni kwamba yule mtoto sasa ana sare nyingine.

Baba Rukia anafika kwenu Jumatatu na anarudi huku Alhamisi asubuhi. Msimwache aondoke mikono mitupu. Sitaki aniletee maelezo, atayachanganya. Edi aandike mahali tu, neno moja linatosha, nami nitapanda juu ya dungu nilitamke siku hiyo hiyo, liwe lolote. Asije akatia saini akaondoka na mimi nipo huku nimefunga mdomo, sijui nimtajie wapi. Andikeni upesi.

Mimi mke wako,
Mama Edi