Baridi Katika Jua la Nagongera

Jumatatu, 3 Februari 1964

Nimesaga wimbi tangu alfajiri. Nimelala juu ya jiwe la kusagia. Si kusinzia. Kulala kabisa, jiwe dogo bado mkononi. Mama mkwe alinikuta hivyo. Hakuniamsha. Alimwita jirani naye aje aone. Nilipofumbua macho walikuwa wawili, wananitazama. Niliona aibu. Kisha hata aibu ikaisha, nikataka kulala tena.

Jua la kiangazi linachoma, nami nimevaa sweta ya Owor, mume wangu. Baridi iko ndani ya mifupa.

Naandika Kiswahili, lugha ya marehemu baba, aliyekuwa askari Busia. Hapa kwa wakwe zangu ni Kidhopadhola tu. Owor anaweza kusoma haya. Hatasoma. Siku hizi hata mimi hanisomi.

Alhamisi, 6 Februari

Niandike basi. Athieno, binti yetu, anakaribia miaka mitatu. Tangu nimzae sijaona damu ya mwezi. Nywele za kwapani zimeisha, hazioti. Nyusi nazo zinakwenda. Nikiita mtu sauti inatoka nzito, kama ya mlevi.

Owor akinigusa sina hamu. Nampenda, lakini mwili haujui. Anadhani nimemchoka. Anageukia ukutani.

Jumapili, 16 Februari

Baada ya kanisa mama mkwe amelisema wazi, mbele yangu. Kuna msichana kijiji cha Kirewa, Owor amwoe. Ana nguvu, halali mchana, atazaa wanaume. Owor alikuwa na kikombe cha chai. Hakusema ndiyo. Hakusema la. Alikunywa chai yote.

Nilitaka kulia. Machozi hayakuja. Nikaenda kulala.

Jumanne, 25 Februari

Busia, kwa dada yangu Ajiambo. Anauza samaki sokoni, upande wa Kenya. Nilisimama mbele ya meza yake akaniuliza, kama mteja yeyote, nataka ngege au kambare. Kisha kisu kikamponyoka.

"Nabwire? Ni wewe, mdogo wangu? Wamekufanya nini huko?"

Akalia mbele ya watu. Mimi nikawa namtazama tu.

Alinipeleka zahanati. Wakasema damu imepungua, wakanipa vidonge. Ni vile vile vya mwaka jana. Choo kitakuwa cheusi na baridi itabaki pale pale.

Ajiambo anataka nisirudi. Siwezi. Athieno yuko kwa bibi yake.

Jumatano, 11 Machi

Mama mkwe ameleta mganga kutoka Mukuju. Amesema ni mzimu wa kwetu Samia, unadai kuku mweupe. Kuku amechinjwa. Sikuamini wala sikukataa. Kukataa kunataka nguvu.

Naogopa. Si kufa. Naogopa kwamba sijali kufa.

Ijumaa, 20 Machi

Homa. Natapika kila kitu, hata maji. Mkono...

Alhamisi, 26 Machi

Hospitali, Tororo. Niko hai. Nimekula posho, ule ugali wa mahindi, na maharage, sahani mbili, nikaomba ya tatu.

Owor amenieleza yaliyotokea. Ilikuwa malaria. Jumamosi sikuitika tena. Mama yake alimwambia angoje, homa itashuka. Owor hakungoja. Alikimbia hadi jineri, kiwanda cha kuchambua pamba anakofanya kazi, akarudi na lori la pamba, akanilaza juu ya magunia. Njia nzima alikuwa ananipiga mashavu. Anasema nilikuwa baridi kama samaki wa Ajiambo.

Daktari ni Mhindi mfupi, haongei sana. Anayetafsiri ni nesi Amongin, Mteso, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. Malaria walitibu, lakini daktari hakuridhika. Jana alikuja na maswali.

"Daktari nauliza, ulipozaa huyu mtoto, damu ilitoka mingi?"

"Nyingi. Nilizimia mara mbili."

"Na maziwa ilikuja?"

"Hata tone. Athieno amekua kwa maziwa ya ng'ombe."

Daktari aliinua mkono wangu akatazama kwapa. Kisha akasema neno moja kwa Kiingereza, polepole, kama mtu aliyeona nyumba anayoitafuta.

Miaka mitatu, na hakuna aliyewahi kuniuliza habari ya maziwa.

Jumatatu, 30 Machi

Nimeelezwa mara mbili, nadhani nimeelewa. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama harage. Ndogo, lakini ndiyo inayoamrisha tezi nyingine: ile ya kooni inayotia mwili joto, zile za juu ya figo zinazotupa nguvu ya kustahimili ugonjwa, na zile za uzazi. Mwanamke akiwa na mimba tezi hiyo huvimba, inataka damu zaidi. Siku ya kujifungua damu yangu ilimwagika, tezi ikakosa, ikafa. Bila amri yake nyingine zikalala. Ndiyo maana nami nililala.

Si uvivu. Si mzimu. Nilimwomba Amongin arudie mbele ya Owor. Akarudia. Owor alitazama kofia yake.

Dawa ni kotisoni. Kwanza sindano, sasa vidonge, kila siku hadi nife. Nikipata homa niongeze, nisingoje. Nikiacha nitarudi juu ya magunia, na pengine lori halitakuwepo. Baadaye nitapewa na vidonge vya tezi ya koo. Si vyote pamoja. Daktari anasema ukiwasha moto wa koo kabla kotisoni haijakaa, mgonjwa anaweza kufa.

Niliuliza habari ya kuzaa. Amongin alinishika bega kabla ya kujibu.

"Hiyo imekwisha, mama."

Nililia. Machozi ya kweli, ya moto. Nilistaajabu kuyaona.

Jumamosi, 18 Aprili

Nimeanza vidonge vya koo. Mvua imefika. Jana usiku nilitupa blanketi.

Nimeanza pia kuwa na hasira. Naikumbuka siku ile. Mama mkwe ndiye aliyenizalisha, kwenye nyumba yake, juu ya majani ya ndizi. Nilimwambia damu haikomi, nipelekeni Tororo. Akasema ni damu chafu, acha itoke.

Namchukia. Nimeandika.

Jumapili, 3 Mei

Nyumbani. Nimemwambia. Alikuwa anapepeta wimbi uani, Athieno kando yake. Nilisimama nikasema yote, kwa Kidhopadhola, sauti juu, majirani wakasikia. Ulisema acha itoke. Ikatoka. Ikatoka na watoto wangu wote waliobaki kuzaliwa.

Sikutarajia jibu. Aliendelea kupepeta. Kisha akasema:

"Mimi pia niliambiwa hivyo. Mara saba."

Nilijua ana watoto watatu. Sikuwahi kuuliza wengine walikwenda wapi.

Hasira haikuisha. Ilikosa tu pa kukaa.

Jumatano, 13 Mei

Owor amesema mwenyewe, hatimaye. Ng'ombe wa mahari walipelekwa Kirewa nilipokuwa nimelazwa. Walidhani nitakufa. Alisema bila kunitazama. Nikamwambia anitazame. Akanitazama, akalia, na ng'ombe bado wako Kirewa.

Naweza kwenda kwa Ajiambo. Athieno hataruhusiwa kwenda nami, mahari yangu ililipwa. Kwa hiyo nabaki. Inauma. Zamani isingeuma, na sijui kama niishukuru dawa.

Nimetoa sharti moja, mbele ya mama yake: msichana huyo hatajifungulia nyumba hii, atapelekwa Tororo. Owor amekubali.

Jumamosi, 20 Juni

Amekuja. Anaitwa Nyachwo. Bado mtoto, anacheka ovyo, ananiita dada. Nilitaka kumchukia pia. Nimelima safu nzima ya karanga kuanzia asubuhi, nikatoa jasho. Niliporudi nikakuta amenichotea maji ya kuoga.

Nimeyaoga. Sikumshukuru.

Jumatano, 10 Machi 1965

Nimekaa kwenye nyasi nje ya wodi ya wazazi, Tororo.

Uchungu wa Nyachwo ulianza alfajiri. Owor yuko jineri, nami nilikuwa kisimani. Niliporudi mama mkwe alikuwa amekwisha mfunga shuka na kumtoa nje. Alishika viatu vyake vya kanisani mkononi. Aliniambia tu, "Mnangoja nini? Treni ya Tororo itatupita."

Amongin ametoka kutuambia. Mvulana. Damu ilikuwa nyingi, wamechoma sindano, imekoma. Nyachwo ameomba chai.

Nilimwangalia mama mkwe. Alifungua khanga akatoa kiazi kitamu kilichochemshwa, akakikata kwa vidole, akanipa kipande kikubwa.

Tumekula. Mvua inakuja kutoka upande wa mwamba wa Tororo. Itabidi tuingie ndani.