Kitanda Yangu Inje ku Jua

Bagira, Bukavu
Tarehe 12 mwezi wa sita 1957

Mupendwa shangazi wangu Colombe, kule Shabunda,

Jambo sana, shangazi. Habari ya siku mingi? Magoti inakusumbua bado, ao mvua ya huko imekuhurumia? Na bwana yako, tonton Stanislas, kikohozi yake iliisha? Sisi huku tuko wazima. Kaka Philémon iko anatumika. Bibi yake Emérence iko na mimba tena, anagombana na kila mutu. Mimi niko muzima muchana tu. Usiku silali, na nitakuelezea sababu.

Unajua ndoa ni tarehe 22, jumamosi, siku ya posho. Padri amesoma majina yetu mara mbili mu kanisa, Valérie binti ya marehemu Xavier na Télesphore fundi wa mbao. Siku ya Mungu atasoma mara ya tatu, na atauliza kama kuko mutu anajua kizuizi. Shangazi, mara zote mbili nilitaka kusimama mimi mwenyewe.

Kibiongo yangu Télesphore anaijua, haiko kitu ya kuficha na kitambaa. Lakini namna ninalala, hapana, hajui. Ni wewe ulinitengenezea ile kitanda wakati mugongo ilianza kupinda, niko na miaka tisa. Gunia tatu za majani ya migomba, nilale nusu-nusu nimekaa, na ile shimo ulipiga na ngumi mpaka kibiongo ikaingia. Tangu siku ile sijalala pengine. Nikijinyoosha sawa watu wengine, pumzi inakatika. Sasa bwana atalala wapi pale? Nilijiambia, shangazi atakuja, yeye ndiye anapashwa kuzungumza na bwana mambo ya kitanda, atamwambia polepole. Basi nikawa ninakungojea.

Weee, Emérence akaniharibia! Siku ya posho iliyopita alisema kunguni zimezidi mu nyumba. Vitanda vyote inje ku jua, maji ya moto mu mbao, unajua namna tunafanya. Mimi nilikuwa ku kazi, kwa masoeurs, watawa wa misioni, ninashona. Kurudi, ninakuta kitanda yangu katikati ya kiwanja, uchi, na shimo yake, na Télesphore amesimama anaiangalia. Haya ikanishika mpaka ku masikio. Binti hata shuka yake muchumba hapashwi kuiona, sembuse ile!

Akaniuliza: «Ni humu unalala?» Nikamujibu mubaya: «Kama haikupendezi, padri hajasoma mara ya tatu.» Unaijua mudomo yangu. Akavua viatu, akalala mule mbele ya majirani, miguu yake mirefu inaning'inia inje. Akajigeuza huku, akajigeuza kule, akasema: «Mimi humu nitakufa.» Halafu akatoa metre, akapima ile shimo, akaandika ku kipande ya ubao, akaenda zake.

Tangu pale siku ine zimepita, hajafika hapa. Huyu mutu ananikataa ao hapana? Ninashona mukono wa kuume mahali ya kushoto, soeur amenifumulisha mara mbili. Siwezi hata kumaliza hii barua.

Tarehe 14

Niko hapa tena. Kungoja kulinishinda, shangazi. Jana muchana kati nilienda mwenyewe ku atelier yake ya mbao, na matusi yote tayari mu kinywa.

Nikakuta kitanda. Upande moja iko sawasawa, ya mutu murefu. Upande ya pili mbao zinapanda sawa kiti, na katikati amefunga kamba za ngozi, zinalegea pale pale, kipimo ya shimo yako. Hata vile nilimugombeza. Nilisema siku ya ndoa hii kitu itapita mu barabara ku vichwa vya watu, Bagira yote itajua! Yeye akasema: «Wajue. Lala kwanza. Kama iko mubaya, nitengeneze tena.»

Nikalala, kwa kujaribu tu, na viatu ku miguu.

Kengele ya kanisa ya saa kumi na mbili ya jioni ndiyo iliniamusha. Télesphore alikuwa amekaa chini mu maranda, nyundo pembeni. Mulango yenye mutu alimuagiza ilikuwa pale mbele yake tangu muchana, na haikupigwa musumari hata moja.

Basi kuja, shangazi, camion isikuache. Kuja kula, kuja kucheza. Ile neno ya kitanda tu uiache nyumbani. Na siku ya Mungu, padri akiuliza, mimi nitabaki nimekaa.

Unisalimie tonton Stanislas, Camille na batoto, na mama Monique jirani yako. Emérence pia anakusalimu, hata kama mimi naye hatusemezani. Mungu akulinde mu njia, na akupatie usingizi sawa ile yangu ya jana.

Ni mimi mutoto wako mwenye kukupenda,
Valérie