Nafasi Moja ya Lenana

Mitunguu, 5 Januari 2025

Kwa mdogo wangu Kanana,

Pokea salamu kutoka kwa joto la huku. Mimi ni mzima, shule tunafungua kesho, na Mama hajambo ila lile goti. Natumai Embu ni salama na kazi yako ya kuuza mbegu na dawa pale agroveti inaendelea.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwa simu tungegombana. Jana Mama alinionyesha picha yako ukiwa juu ya kilima cha Kiang'ombe, halafu akaniambia mwezi ujao unaenda Lenana. Nimejulia kwa Mama, Kanana. Ni nani alikuonyesha Mlima Kenya kwanza? Nilikuwa darasa la saba, wewe hata viatu hukujua kufunga. Nilikuinua asubuhi uone ile theluji kabla mawingu hayajaifunika. Nikakwambia vilele vya Batian na Nelion ni vya watu wa kamba, lakini Lenana mtu wa kawaida anafika kwa miguu yake, na siku moja nitafika.

Siku hizi kanisani wananiuliza, "Wewe ndiwe dada ya yule wa milima?" Mama ameshaitundika ile picha yako sebuleni, juu ya cheti changu cha ualimu. Nilitaka kuandika kwamba nafurahi. Sifurahi.

Dada yako,
Caroline


Embu, 12 Januari 2025

Kwa dada Caroline,

Habari za siku nyingi? Mimi sijambo. Mpe Mama pole, nitamtumia dawa ya kuchua goti. Barua yako niliipata kwenye steji ya matatu nikaisoma nikiwa nimesimama, mara mbili.

Hukujulia kwa Mama, dada; Desemba nilikuuliza kama utakuja nasi Lenana. Mara ya kwanza ulisema una mitihani ya kusahihisha. Mara ya pili ulibadilisha mada. Sasa kikundi kimejaa, watu kumi. Hata hivyo nimemwomba kiongozi wetu, Mwirigi, akuandike wa kwanza kwa wanaongoja. Namba yake iko nyuma ya karatasi hii, mpigie mwenyewe. Ni mtu mkali lakini wa haki. Tunaingilia lango la Chogoria tarehe kumi na tatu Februari.

Usione kama nimekunyang'anya kitu, dada. Nilitaka twende wote.

Mdogo wako,
Kanana


Embu, 3 Februari 2025

Dada,

Hamjambo huko? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio hauko.

Nimetolewa. Mwirigi aliniita Jumamosi akaniambia mtu wa familia yetu amempigia, akasema nina pumu na niliwahi kulazwa. Nilimweleza hiyo ilikuwa nikiwa darasa la pili na kifua hakijanisumbua tena. Alisema hawezi kumpeleka mtu wa kifua kule juu bila barua ya daktari, na siku zimekwisha. Nilimpigia Mama nikiwa na hasira, akalia, akaapa si yeye. Labda ni Anti Angeline, unajua mdomo wake.

Nafasi yangu ni yako sasa. Nimelia siku mbili, lakini nimeona heri mmoja wetu afike. Nakutumia jaketi langu na viatu kwa gari la kesho. Vaa soksi mbili, vitakutosha.

Mdogo wako,
Kanana


Mitunguu, 2 Machi 2025

Kanana,

Sijui kama nina haki ya kukuuliza hali, lakini nauliza. Sisi tuko wazima.

Nilifika Lenana. Picha niliyokutumia umeiona.

Si Anti Angeline. Ni mimi niliyempigia Mwirigi, bila kutaja jina langu. Sikutaka kukulinda na chochote. Nilikaa ofisini baada ya walimu wengine kuondoka, nikafikiria ile picha yako ya pili ambayo Mama angetundika, nikapiga. Nilizungumza dakika tatu tu. Uliponiandikia kwamba nafasi ni yangu, nilijiambia nitakataa. Halafu viatu vikafika, nikavijaribu.

Juu kule Mwirigi alinipiga picha, akasema, "Mtumie dada yako, mwambie mwaka huu lazima tumlete." Tukiteremka nikamwambia ukweli. Hakunigombeza. Alitangulia, akatembea mbele yangu mpaka getini bila kunisemesha, na wale wengine wakajua kuna jambo.

Mama pia nimemwambia.

Dada yako,
Caroline


Mitunguu, 20 Aprili 2025

Kanana,

Natumai Pasaka imekukuta salama. Tumekungoja mpaka saa kumi, kisha Mama akafunika chakula. Nikikupigia simu hailii, kwa hivyo najua umenifungia.

Mvua imeanza vizuri. Migomba miwili imeanguka.

Sikuombi ujibu kwa haraka. Naomba tu ujibu.

Dada yako


Embu, 31 Agosti 2025

Caroline,

Salamu. Mimi ni mzima sasa, na nitakueleza kwa nini nasema sasa.

Nilikwenda kwa daktari, akanipima, akaniandikia barua. Wiki mbili zilizopita nikaenda na Mwirigi. Siku ya kwanza nilikuwa wa mbele. Siku ya pili hivyohivyo. Nilikuwa nimepanga maneno ya kukuambia nikifika, na hayakuwa mazuri.

Tulipotoka kambi ya Mintos asubuhi, hata saa moja haikuisha, kifua kikafunga. Nilitembea hatua tano, nikasimama. Tatu, nikasimama. Mwirigi aliniangalia midomo ilivyobadilika rangi, akasema tunarudi. Nilimsihi. Nilimwambia anipe nusu saa tu, kilele nakiona. Akanishika mkono kama mtoto, tukateremka, na tulipofika chini pumzi ikarudi.

Kwa hivyo wewe una mlima, na tena ulisema kweli kuhusu kifua changu. Sijui ni lipi linaniuma zaidi. Usiniandikie hata siku moja kwamba ulikuwa unanilinda. Ulishasema hukutaka kunilinda, na hilo ndilo jambo pekee katika barua zako ambalo bado naliheshimu.

Nilidhani wivu ni ugonjwa wako. Nimeangalia ile picha yako miezi hii yote, na tangu nirudi naiangalia kila siku. Nakuonea wivu mpaka sili vizuri. Daktari amesema nisijaribu tena huko juu.

Jumapili ijayo niko nyumbani kwangu Embu baada ya kanisa. Njoo. Sitapika kitu cha maana, na siahidi kwamba nitacheka nawe. Lakini utakaa chini unieleze kule juu kulivyo, tangu Mintos hadi mwisho, upepo, mawe, vile dunia inavyoonekana. Usinipunguzie kitu kwa kunihurumia.

Mdogo wako,
Kanana