Simu Ilikuwa Mfukoni mwa Shee

Dada Mwanaesha,

Mola akupe nafasi huko uliko. Nakuandikia kutoka Kismayu, katika chumba mlichokuwa mkifikia mkija mjini. Mwanao hajambo. Mama amempa jina lako, na mimi mpaka leo siwezi kumwita.

Unakumbuka siku niliyokuja kisiwani kwenu Chovai na wageni wa shirika lililonilipa? Nilikuja na programu yangu ya simu: mja mzito akishikwa na uchungu abonyeze kitufe chekundu, hospitali ipate habari, boti litumwe. Niliitengeneza Mombasa miezi minane, bila kukanyaga kisiwani hata siku moja. Tukawakusanya wanawake, nikawauliza, "Mwaipenda?" Wote wakaitikia, twaipenda. Wageni wakapiga picha.

Wewe ulinivuta jikoni. Ulikuwa ukikuna nazi, wala hukuacha, ukaniambia kwa Kibajuni chetu, "Kila mchu hapa atakwambia ni nzuri, wewe ni mwana wetu. Lakini mbona hukuja kutuuliza kabla? Simu ya nyumba hii ni moja, na Shee huondoka nayo."

Nilicheka, dada. Nikakwambia, "Mumeo atakununulia yako." Ukarudi kwenye nazi yako.

Siku zako zilipotimia, uchungu ulikushika adhuhuri, na Shee alikuwa Kismayu akiuza samaki. Jirani yako Halima alikimbia nyumba baada ya nyumba kutafuta simu. Zote zilikuwa zimetoka na wanaume. Mpaka boti linapatikana, damu ilishakwenda nyingi. Mtoto alizaliwa njiani. Wewe... wewe hukufika.

Na kitufe changu hakuna aliyekibonyeza.

Mwezi uliopita shirika likanipigia simu niende Nairobi nikapokee tuzo. Eti wanawake wa Chovai wote waliipenda. Ni kweli, walisema hivyo. Nikawaambia dada yangu amekufa programu hiyo hiyo ikiwepo. Bwana mmoja akajibu kwa upole kwamba habari yako niitaje jukwaani, itawagusa watu. Nikakata simu. Sikwenda. Usinisifu kwa hilo, nimechelewa mno.

Nilikwenda Chovai badala yake, bila kompyuta. Nikakaa na Halima kizingitini nikamuuliza walichokuwa wakikitaka tangu mwanzo. Hakufikiri hata kidogo. Akasema, "Boti moja la wagonjwa, la kukaa hapa hapa kisiwani, na mchu wa kuliendesha." Simu hakuitaja. Jibu hilo ningelipata kwa kikombe kimoja cha chai.

Shee hanisalimii. Namwona sokoni, anageuza uso. Ana haki.

Msamaha siuombi, dada, maana wa kunisamehe ni wewe na wewe hupo. Nakuahidi haya tu: boti hilo nitalihangaikia mpaka lifungwe Chovai, na sitamtengenezea mtu kitu tena kabla sijakaa naye nikamsikiliza, hasa yule anayenikatalia.

Kwaheri, dada yangu.

Mdogo wako,
Athumani