Marumaru za Sebuleni kwa Mama

Igoma, Mwanza
9 Januari 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Nimefika salama, ziwa lilikuwa limetulia, na Queen na watoto wanakusalimia sana. Wewe je, kifua kimeacha kukubana? Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, maana siku hizi ukipokea unajibu "ndiyo, ndiyo" hata nikikuuliza umekula nini. Sikio la kushoto limeshastaafu na la kulia liko njiani. Barua nampa Mashimba wa kwenye kivuko, na majibu mpe yeye.

Mama, bado siamini. Miaka yote hii nauza marumaru dukani na sikuwahi kubandika hata moja, leo sebule yako nzima nimeitandika kwa mikono yangu. Mafundi walinicheka nilipoazima pima maji yao. Magoti yamechubuka na mgongo hauniheshimu tena, lakini nikifumba macho naiona ile sakafu nyeupe, inang'aa mpaka picha ya Baba ya ukutani inaonekana chini. Ile simenti yenye mashimo ilinitia aibu tangu niko shule. Nilijiapia kwamba itatoka, na imetoka.

Sasa nakuomba sana. Watu wavue viatu mlangoni, na mwenye miguu ya matope anawe kwanza, ndoo nimeiacha barazani. Usiburute stuli. Mihogo imenywe jikoni nje, inaacha madoa. Maji yakimwagika yafute hapo hapo, yanateleza. Ile saruji nyeupe ya kwenye maungio inachafuka haraka, na mimi niliijaza kwa kidole, kwa hiyo nina uchungu nayo.

Mama Mdogo Sabina msalimie. Siku ile alipokuja simenti ilikuwa mbichi nikamzuia mlangoni. Mwambie imekauka, aje aone.

Mwanao,
Revocatus


Nansio, Ukerewe
28 Januari 2024

Mwanangu Revo,

Marahaba. Mimi ni mzima, kifua kimepoa, na mihogo mwaka huu inaonyesha dalili njema. Queen na wajukuu zangu wape salamu. Barua yako Mashimba aliileta ameikunja ndani ya kofia, nusura niisome kwa harufu ya jasho.

Sakafu ni nzuri, nisikufiche. Jumuiya walikuja kusali Alhamisi, kandambili zote zikabaki barazani. Jirani yetu Rose akasema leo amefika kwa mkuu wa wilaya. Walikaa wamekunja miguu na hakuna aliyeegemea ukuta. Kwa kawaida watu wa jumuiya huwa nawafukuza giza likiingia, safari hii sala ilipoisha waliaga, chai wakanywea nje. Na ile marumaru moja karibu na mlango wa chumbani imepinda, niliiona kabla hujapanda kivuko. Marehemu baba yako angecheka. Mimi ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Sabina hajaja. Nadhani ni kile kidonda chake cha mguu, msimu huu kinamsumbua. Nimezoea mchana akae chini pembeni yangu, upande wa sikio zima, tunamenya mihogo huku ananirudia maneno ya watu yaliyonipita. Sasa namenya peke yangu nje, na kuku.

Niambie, nikitandika lile jamvi la zamani juu ya marumaru kuna ubaya?

Mama yako


Igoma
17 Februari 2024

Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima kama inavyotuacha sisi. Lile la mkuu wa wilaya nilimsomea Queen kwa sauti, kesho yake nikalisema na dukani. Wale mafundi walionicheka wamenyamaza.

Jamvi usitandike, Mama. Mchanga unajificha chini yake na kukwangua ule mng'aro. Halafu tutengeneze kitu kizuri tukifunike? Wageni wakae kwenye makochi. Na iliyopinda usiwaonyeshe watu.

Pasaka sitafika, duka linapanuliwa na bosi hatoi ruhusa kwa mtu. Nikija nitamalizia chumbani kwako na korido. Mama Mdogo Sabina asikutie wasiwasi, mguu ukipata nafuu atakuja mwenyewe.

Mwanao,
Revocatus


Nansio
2 Juni 2024

Mwanangu,

Marahaba, kama ulivyonisalimu tangu Februari. Najua masika yote nimekaa kimya na Mashimba amekuwa akikuambia niko salama. Niko salama kweli. Ila barua hii nimeianza nikaichana, nikaianza tena nikaichana, maana sakafu uliiweka kwa magoti yako, na ni vigumu kumwambia mtoto kwamba zawadi yake imekukaa vibaya.

Watu hawaingii ndani, Revo. Hakuna aliyenikasirikia. Masika kila mtu ana matope, na wanaona haya kunawa miguu kwenye ndoo mbele yangu kwa ajili ya salamu tu. Wanasimama mlangoni, mwanga uko nyuma yao, midomo naiona inacheza na sauti hainifikii. Wakicheka nacheka. Wakiondoka sijui nimecheka nini. Jumuiya wamehamia kwa Rose, kwenye sakafu ya udongo, na nasikia huko wanajaa mpaka wengine wanakaa uani.

Sikutupii lawama zote. Rose alipokuja mara ya mwisho nilimfuata nyuma na kitambaa. Sikukusudia, mkono ulienda wenyewe. Aligeuka akanikuta nimeinama nafuta alipokanyaga. Alitabasamu, akasema amekumbuka ameacha chungu motoni.

Na Sabina si mguu. Nilipombana Rose ndipo alinieleza, kwa kupasua koo, kwamba siku ile ulimwambia Sabina mbele ya vijana waliobeba simenti, "Mama Mdogo, na mguu huo usikanyage humu." Mimi nilikuwepo. Nilikuona unaongea, sikusikia, nikadhani unamkaribisha. Sabina anajua mguu wake unanuka. Kila siku kabla ya kuja kwangu alikuwa anaufunga kitambaa kilichofuliwa.

Nimemwendea. Alinipokea vizuri, chai akachemsha, akaniwekea stuli. Miaka yote tumekaa chini pamoja, leo napewa stuli kama karani wa sensa. Akawa anaongea huku ametazama jiko, na mimi nikamwona kisogo tu. Nilirudi nyumbani nikalia, nakuambia ukweli.

Njoo uzungumze naye. Mimi ni mpweke, Revo, na ndiye niliyemzoea.

Mama yako


Igoma
9 Juni 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako imenikuta dukani, nimeenda kuisomea stoo ili wasinione.

Nilisema hivyo, Mama. Nilikuwa nimepiga magoti, nimechoka, simenti mbichi, na nilipoinua uso kitu cha kwanza kuona kilikuwa ule mguu. Niliogopea kazi yangu. Sikufikiria kwamba mguu una mwenyewe. Halafu nikakuandikia umsalimie, nikajiona nina adabu. Huyu ndiye aliyenilisha ulipolazwa Bugando mwaka ule, nililala kwake na watoto wake kwenye mkeka mmoja. Naona aibu mpaka nashindwa kula. Queen ananiuliza nina nini, namwambia kichwa.

Na wewe uliniuliza habari ya jamvi, nikakujibu habari ya mng'aro. Hilo nalo linanichoma.

Nakuja na nyundo na patasi. Sebule yote nitaing'oa, nitarudisha simenti ya kawaida, watu waingie na matope yao. Ila kwanza nitaenda kwa Mama Mdogo nimpigie magoti. Bosi amekataa kuniachia mpaka tumalize kuhesabu mali mwisho wa mwezi huu. Tafadhali mfikishie salamu zangu, mwambie anisubiri, nina maneno naye.

Mwanao,
Revocatus


Nansio
30 Juni 2024

Mwanangu Revo,

Marahaba. Sijui kama barua hii itakuwahi kabla hujasafiri. Mimi ni mzima.

Nyundo iache huko. Wa kumvunjia sakafu ameondoka. Selina, binti wa Sabina, alikuja Jumatano kumchukua, anampeleka kwake Geita akatibiwe mguu. Nyumba wameifunga na mbuzi wamewagawa kwa majirani. Mtu anayerudi hagawi mbuzi.

Salamu zako hazikumfikia, na kosa ni langu. Nilikwenda nazo siku nilipopata barua, nikamkuta amelala barazani kwake. Sikutaka kumwamsha. Nilikaa kidogo nikimtazama, nikasema nitarudi kesho. Kesho yake mvua ilinyesha, keshokutwa yake nikashikwa na uvivu, mpaka nikaliona gari la Selina.

Alikuja kuniaga. Mimi nilikuwa kwenye kochi, nikamwona amesimama kizingitini, kitambaa cheupe mguuni. Nikamwita aingie, nikamwita kwa mikono yote miwili. Akatazama marumaru, akatazama mguu wake, akabaki palepale. Nikainuka nimfuate, lakini kwenye sakafu hii natembea nimeshika ukuta, naogopa kuanguka. Kabla sijafika akaanza kuongea. Aliongea muda mrefu, Revo. Sabina huwa mtu wa maneno mafupi, unamjua. Nje gari lilikuwa linaunguruma na mwanga ulinipiga machoni. Nilitaka kumwambia apaze sauti. Lakini niliona usoni kwake kwamba yale hayakuwa maneno ya kupaza sauti, dereva na majirani wamejaa uani. Kwa hiyo nikaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia, akaendelea, nikaitikia tena. Alipomaliza alifuta macho kwa upande wa kanga, akashuka barazani. Nilipofika mlangoni Selina alikuwa ameshamfungia mlango wa gari.

Nenda Geita ukampigie magoti, ni haki yake. Ila usimuulize aliniambia nini. Akijua kwamba sikusikia, atajua pia kwamba nilikuwa namdanganya kwa kichwa wakati yeye analia.

Njoo na huku unione. Nalala vibaya siku hizi. Nawaza labda alikuwa ananisamehe, labda alikuwa ananilaumu kwa kunyamaza siku ile, labda aliniomba kitu. Lolote alilosema, nililikubali.

Mama yako