Karatasi ya Alhamisi

Dada Bea mpendwa,

Nakuandikia kwa hofu, na sitaki kuificha. Alhamisi natakiwa kutia saini karatasi kwenye ofisi ya mambo ya jamii hapa Dilala, na karatasi hiyo inakuhusu wewe na binti yako Ngoie.

Unakumbuka ua wetu, ile nyumba ya zamani ya kampuni iliyogawanywa sehemu mbili, mlango wako huku, wangu kule, bomba katikati? Ulikuwa mvivu wa kuosha sufuria, wacha niseme ukweli, na mimi mvivu wa kusonga bukari. Basi ukasonga wewe, nikaosha mimi, tukala pamoja miaka yote ile. Ulipojifungua nilikuletea uji hospitalini. Ukanitazama ukasema, "Atabeba jina yako. Siku moja mi nikikosekana, njo we mama yake." Nilicheka. Kwetu mtoto anayebeba jina lako ni wako pia, lakini nani hukaa akiwaza siku ya kuambiwa, "Haya, mlee"?

Ulipopanda lori kwenda Mutshatsha kununua mkaa wa kuuza, ulisema wiki moja. Ngoie alikuwa na miaka minne. Wiki ikawa miezi, simu yako haipatikani. Nilikwenda ofisini mwenyewe, watu wasije wakasema nimeiba mtoto wa mwenzangu.

Mwanamke wa ofisi ile tunamwita Mama Asistanti. Alinieleza taratibu, kalamu mkononi.

"Iko familia ya transit: unalinda mutoto kidogo, siye tunatafuta mama yake. Iko familia ya bandugu, ba damu. Na iko ya muda murefu, mupaka mutoto akomae, kama bazazi habaonekane. Adoption, mutoto kuwa wako kabisa, ni ingine, ile ni ya tribinale, mbele ya hakimu. We uko nani ya mutoto?"

"Ni homonyme yangu, mama, anabeba jina yangu."

"Ile haiko mu karatasi."

Akaniandika transit. Mimi nilijua transit ya malori ya shaba tu. Kumbe hata mtu anaweza kuwa mahali pa kupitia. Tangu siku hiyo kila baada ya miezi michache anakuja kutukagua, na Ngoie akisikia pikipiki imesimama langoni anakimbia kujificha nyuma ya pipa la maji. Amesikia kwa watoto wa jirani kwamba wa transit huchukuliwa. Namtoa pale, namwambia hakuna anayemchukua, na sauti yangu mwenyewe siiamini.

Mwezi uliopita Mama Asistanti alileta karatasi mpya. Nikitia saini kwamba sijapata habari yako yoyote, Ngoie anahamia kwenye muda mrefu. Atakaa kwangu hadi awe mtu mzima. Ni kitu nilichokiomba kanisani kila Jumapili.

Sasa nikuambie kinachoninyima usingizi. Ulipopiga simu kwa namba ile ngeni, Jumamosi ile asubuhi, uliniita kwa jina, "Ngoie, ni miye Bea. Niko Lubudi. Nilikuwa mugonjwa sana. Minataka kuya kuona mutoto." Nami nikapiga kelele, "Allô? Allô? Sisikie, réseau ni mubaya," nikakata. Nilikusikia, Bea. Nilisikia hata kikohozi chako. Mtoto alikuwa amekaa mbele yangu akinywa chai, akauliza nani, nikasema mtu amekosea namba. Hukupiga tena, nami sikukupigia.

Nakuogopa, dada yangu. Naogopa utakuja umchukue, nibaki na sahani yake. Naogopa pia kwamba hutakuja, kwamba kile kikohozi kimekumaliza huko Lubudi huku mimi namba yako ninayo. Zaidi namwogopa mtoto mwenyewe. Atakua, mficha maradhi kifo humuumbua, na siku moja atasikia kwamba mama yake alimtafuta, mtu wa jina lake akafunga njia. Siku hiyo nitamjibu nini?

Leo asubuhi alisimama karibu yangu nikiwa na karatasi mezani. Hajui kusoma vizuri bado. Aliweka kidole palipo na jina lake, akafurahi kuliona. Nilipobaki peke yangu nikachukua kalamu. Mahali pa saini sikuandika jina langu. Nimeandika namba yako, tarakimu zote, na chini yake: mama yake yuko hai, alinipigia simu.

Sijui watanifanya nini. Wanaweza kusema mwongo halei mtoto, wakampeleka kwa familia nyingine kabla wewe hujafika, na watakuwa na haki. Kwa hiyo fanya haraka; barua hii nampa leo dereva wa lori la Lubudi, maana kukupigia bado naona aibu. Alhamisi saa nne nitakuwa ofisini, naye nitakuwa nimemshika mkono. Wakikupigia, pokea, hata kama umenikasirikia.

Upone, ufike salama.

Ni mimi, mwenzako wa ua mmoja